Rangi za bata mzinga na namna zinavyorithiwa: maswali ya wafugaji wa Uganda

Bata mzinga wetu wa kienyeji ni wa kila rangi. Ukipita Soroti, Lira au Gulu wakati wanunuzi wanakusanya ndege wa Krismasi, utakuta ndani ya kundi moja weusi, weupe, wa shaba, wa kijivu, na wengine wenye rangi ambayo hata mwenyewe hajui aiiteje. Sasa wapo wafugaji wanaotafuta aina za zamani zenye majina, kama Bronze, Bourbon Red, Narragansett na Royal Palm, wawachanganye na hawa wetu. Vifaranga wakitoka na rangi isiyotarajiwa, lawama huangukia mashine ya kutotolesha, au chakula, au jirani mwenye dume. Mara nyingi jibu liko kwenye ukoo wa ndege wenyewe, na linaweza kuhesabiwa.

Aina ya zamani ni ipi hasa? Bata mzinga wa kienyeji anahesabiwa humo?

Shirika la Marekani linalohifadhi mifugo ya zamani, The Livestock Conservancy, linatumia vipimo vitatu: ndege wapandane wenyewe bila kusaidiwa na binadamu, waweze kuishi na kuzaa miaka mingi wakiwa nje, na wakue polepole, kama wiki 28 hivi kufikia uzito wa kuuzwa. Rangi haimo katika vipimo hivyo. Bata mzinga wa kienyeji wa Uganda anavitimiza vyote vitatu bila shida. Anachokosa ni jina na kumbukumbu za ukoo.

Asiyetimiza ni yule mweupe mzito wa kibiashara mwenye kifua kipana. Dume wake akikomaa ni mzito mno kiasi kwamba hawezi kumpanda jike vizuri, na akijaribu humuumiza mgongo kwa kucha na uzito. Huko kwao majike hutiwa mbegu kwa mkono.

Rangi zote zinaanzia wapi?

Zinaanzia kwenye shaba. Bata mzinga wa mwituni wa Amerika ya Kaskazini, ambaye watu wa Mexico walimfuga kabla Wahispania hawajampeleka Ulaya katika karne ya 16, ana manyoya meusi yanayong'aa shaba na kijani, na mabawa yenye mistari myeupe na myeusi. Rangi nyingine zote ni mabadiliko yaliyotokea juu ya hiyo.

Kila ndege hubeba nakala mbili za karibu kila jeni (jeni ni agizo la urithi lililo ndani ya mwili), moja ya baba na moja ya mama. Jeni ya msingi wa rangi ina sura tatu: nyeusi, shaba, na shaba ya bawa jeusi. Nyeusi inaitawala shaba, na shaba inaitawala ile ya bawa jeusi. Juu ya msingi huo huja jeni nyingine za pembeni zinazoondoa rangi, kuifanya nyekundu, kuifanya kijivu au kuipausha. Kwa hiyo ukimtazama ndege jiulize mambo mawili: msingi wake ni upi, na ni kitu gani kimepita juu yake?

Nilimpandisha dume mweupe kwa majike wa shaba. Mbona sikupata kifaranga mweupe hata mmoja?

Hilo ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linafungua mengine mengi.

Weupe wa kawaida wa bata mzinga hurithiwa kwa kujificha. Ndege huwa mweupe pale tu anapopata nakala mbili za weupe, moja kwa kila mzazi. Dume wako alitoa nakala moja kwa kila kifaranga, majike wako wa shaba wakatoa nakala ya rangi, na rangi ikatawala. Vifaranga wote ni wa shaba kwa macho, lakini kila mmoja amebeba weupe ndani yake. Ukiwapandisha hao kwa hao, katika kila wanne tarajia mmoja mweupe, wawili wa shaba wanaobeba weupe, na mmoja wa shaba asiyebeba kitu. Huo ni wastani. Ukiangua mayai manane usishangae kupata weupe wanne au kukosa kabisa.

Kuna jambo wafugaji wengi hawalitilii maanani. Weupe ni kama shuka iliyotandikwa juu ya godoro: chini yake kuna rangi kamili, ila huioni. Dume mweupe anaweza kuwa na msingi mweusi, wa shaba, wekundu, au jeni ya Narragansett. Ndiyo maana wafugaji wawili wanaweza kununua madume weupe wanaofanana kama mapacha, wote wakawapandisha kwa majike wa shaba, mmoja akapata vifaranga wa shaba na mwenzake akapata weusi. Dume wa pili alikuwa mweusi chini ya weupe.

Na nikipandisha weupe kwa weupe?

Wote watakuwa weupe. Rangi haitarudi mpaka ulete ndege mwenye rangi.

Wazazi wote wawili ni wa shaba, akatoka mweupe. Jirani ana dume mweupe. Je, jike alitoka nje?

Huenda hakutoka. Wazazi wawili wa shaba wanaobeba weupe hutoa kifaranga mweupe kwa wastani wa mmoja katika wanne. Na hata kama jike alipandwa na yule dume mweupe wa jirani, bado asingetoa kifaranga mweupe kama yeye mwenyewe habebi weupe. Kwa vyovyote vile, kifaranga mweupe anakuambia jambo moja la uhakika: mama yake anabeba. Kuhusu baba, anakuambia tu kwamba ni mweupe au anabeba.

Unaweza kumpima dume. Mpandishe kwa majike weupe. Kama anabeba weupe, nusu ya vifaranga watakuwa weupe. Ukipata saba wenye rangi mfululizo bila mweupe, uwezekano kwamba anabeba na bahati imemficha ni mmoja katika 128. Kwa mfugaji, hicho ni kipimo cha kutosha. Akitoka mweupe mmoja tu, jibu umepata, usihesabu zaidi.

Yupo kifaranga mweupe anayejigonga kwenye chombo cha maji. Ni ugonjwa?

Mtazame macho kwenye mwanga. Bata mzinga mweupe wa kawaida ana macho meusi au ya kahawia. Kama macho yana wekundu na anaonekana haoni vizuri, huyo ana jeni nyingine kabisa, ya zeruzeru, inayoambatana na jinsia (namna hiyo ya kurithi imeelezwa chini, kwenye Narragansett). Kwa kawaida ni jike, na wengi hufa mapema. Baba yake ndiye aliyeibeba, naye anaonekana mzima. Dume huyo usimtumie tena kuzalisha.

Mweusi kwa shaba hutoa nini?

Weusi, lakini si weusi safi. Mweusi mwenye nakala mbili za weusi ni mweusi mtupu mpaka ncha ya bawa. Mwenye nakala moja ya weusi na moja ya shaba ukimwona mbali utasema ni mweusi. Mkamate asubuhi jua likiwa limeanza kupanda, umfungue bawa na kuupanua mkia: utaona ukingo wa shaba kwenye manyoya ya mgongo wa chini na ya mkia, na pengine alama za weupe kwenye bawa pasipokuwa na mistari kamili. Weusi wengi wa vijijini kwetu ni wa namna hii, na hiyo ni habari njema kwa anayetaka kupata shaba. Pandisha wawili kama hao, na mmoja katika wanne atakuwa wa shaba kamili.

Nataka wekundu wa Bourbon Red. Nitaupata vipi kutoka kwa kienyeji?

Bourbon Red alitengenezwa Kentucky, Marekani, akapewa jina la wilaya ya Bourbon huko, na akaingizwa katika vipimo rasmi vya ndege wa Marekani mwaka 1909. Mwili ni mwekundu wa kahawia, mabawa na mkia ni mweupe. Msingi wake ni shaba ileile, iliyogeuzwa na nakala mbili za wekundu.

Wekundu haujifichi kikamilifu. Mpandishe Bourbon Red kwa jike wa shaba na vifaranga wote watakua wa shaba, lakini wengi utawaona wana wekundu unaojitokeza, shaba iliyoiva zaidi. Hilo linasaidia sana, kwa sababu huhitaji kukisia nani anabeba. Wachague hao, uwapandishe tena kwa Bourbon Red, na nusu ya watoto watakuwa wekundu. Ukiwapandisha wao kwa wao utapata robo tu.

Kama majike wako ni weusi, kazi itachukua muda zaidi, maana inabidi kwanza uutoe weusi. Ushauri wangu ni kutafuta majike wa shaba kabla ya kutumia pesa kununua dume mwekundu.

Narragansett ana nini cha pekee?

Ana kitu ambacho mfugaji anaweza kukitumia kila msimu, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Narragansett, aliyepata jina lake kutoka ghuba ya Narragansett huko Rhode Island, anafanana na wa shaba, ila pale ambapo wa shaba anang'aa shaba, yeye ana kijivu cheupe kama fedha. Jeni yake imekaa kwenye kromosomu ya jinsia (kromosomu ni uzi mdogo wa mwilini unaobeba jeni). Na kwa ndege, jinsia imepangwa kinyume na ilivyo kwa ng'ombe, mbuzi na binadamu: dume ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana, zinazoitwa Z, na jike ana Z moja na W moja. Jike humpa binti yake W. Kwa hiyo Z pekee aliyo nayo binti imetoka kwa baba.

Fuata hesabu. Chukua dume wa Narragansett na majike wa shaba. Kila binti anapata Z ya baba, yenye Narragansett, na hana nakala nyingine ya kuificha. Mabinti wote ni Narragansett. Kila mtoto wa kiume anapata Z ya baba na Z ya mama, na ile ya mama yenye shaba inatawala. Watoto wa kiume wote ni wa shaba, nao wanabeba Narragansett. Manyoya yakishakua unajua jinsia kwa rangi tu.

Sasa geuza: dume wa shaba, majike wa Narragansett. Watoto wote, wa kike na wa kiume, ni wa shaba. Vijana wa kiume wanabeba, mabinti hawabebi kitu. Ndege ni walewale wawili na jeni ni zilezile, lakini ukibadilisha nani baba na nani mama, matokeo hayafanani hata kidogo.

Tahadhari moja: vifaranga wa Narragansett na wa shaba wanafanana sana wakiwa na malaika tu, yaani yale manyoya laini ya kwanza. Usiwatenganishe siku ya kuangua, subiri manyoya. Rangi ya kahawia ya aina ya Auburn inarithiwa kwa njia hiyohiyo ya kromosomu Z, na hiyo huonekana mapema zaidi.

Royal Palm anapatikana kwa kuchanganya shaba na mweupe?

Hapana, ingawa ndivyo watu wengi wanavyodhani wakimwona, mweupe mwenye mistari myeusi iliyopangwa vizuri. Royal Palm anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: msingi wa shaba, nakala mbili za jeni ya kijivu, na jeni ya Narragansett. Jeni ya kijivu iko mahali pamoja na ile ya weupe. Rangi kamili inazitawala zote mbili.

Chukua dume wa Royal Palm na jike safi wa shaba. Kizazi cha kwanza hakitakuwa na Palm hata mmoja: mabinti ni sura ya Narragansett, vijana ni sura ya shaba, na wote wanabeba kijivu. Ukiwapandisha hao wao kwa wao, mmoja katika wanne hupata kijivu mara mbili, na kati ya hao nusu hupata Narragansett kamili. Yaani Palm mmoja katika kila vifaranga wanane, wa kike na wa kiume.

Ukianza na dume wa shaba na jike wa Royal Palm, katika kizazi cha pili Palm watakuwa mabinti peke yao, na ni mmoja katika 16. Kwa hiyo kama una pesa ya kununua Palm mmoja tu, nunua dume.

Vifaranga wa Palm hutoka na malaika ya manjano hafifu na huchanganywa kirahisi na weupe. Usiwauze mapema.

Na wa bluu?

Aina ya Slate ina jeni inayotawala ambayo hugeuza weusi kuwa rangi ya majivu yenye vitone vyeusi. Mzazi mmoja anatosha kuileta. Inapendeza zaidi juu ya msingi mweusi, kwa hiyo majike wetu weusi wanafaa. Juu ya shaba hutoka bluu yenye kutu. Na kwa kuwa jeni hiyo inatawala, ndege asiyeonyesha bluu kwa kawaida habebi bluu hiyo, isipokuwa kama ni mweupe.

Rangi ya malaika inaniambia nini siku ya kuangua?

Inasaidia, mradi usiitegemee kwa kila kitu. Wa shaba huwa wa kahawia wenye mistari ya giza mgongoni na kichwani. Mweusi ni mweusi mwenye uso mweupe au wa manjano, na wapo wanaodhani weupe huo wa usoni utabaki, haubaki. Bourbon Red ni wa kahawia nyekundu. Wa manjano anaweza kuwa mweupe au Palm, na aina nyingine iitwayo Jersey Buff nayo huwa hafifu sana.

Jike wangu alikuwa na dume mwingine kabla ya huyu. Nisubiri muda gani?

Subiri zaidi ya unavyofikiri. Jike wa bata mzinga huhifadhi mbegu za dume mwilini mwake, na anaweza kutaga mayai yenye mbegu wiki nyingi baada ya kupandwa, hata kufikia wiki kumi. Mayai ya wiki hizo za kwanza baada ya kubadilisha dume hayafai kwa hesabu ya rangi. Yale, uyauze, au uyaangue bila kuyaandika kwenye daftari la ukoo.

Njia rahisi ni kuanza na majike wachanga ambao hawajawahi kupandwa, uwatenge kabla hawajaanza kutaga. Mahali utakapowatenga pasiwe palipokuwa na kuku karibuni, maana minyoo ya kuku hubeba ugonjwa wa kichwa cheusi, na huo humaliza bata mzinga wachanga upesi.

Nitajuaje kifaranga ni wa jike yupi?

Andika kwa penseli juu ya yai: namba ya jike na tarehe. Kalamu ya wino usitumie, wino hupenya ganda. Siku ya 25 hivi, unapoacha kugeuza mayai (huanguliwa siku ya 28), yagawe kwa mama zao na kila kundi ulitie ndani ya mfuko wa wavu, hii ya vitunguu inayouzwa sokoni inafaa, ufunge mdomo bila kuwabana. Vifaranga wakitoka hawachanganyiki. Kabla hujawatoa, wavishe pete ya plastiki yenye rangi mguuni, na uikague kila wiki kwa sababu mguu hukua haraka na pete hukaza.

Weupe wana nyama nzuri zaidi?

Rangi haibadilishi ladha. Viwanda vya Marekani vilihamia weupe katikati ya karne iliyopita kwa sababu vichipukizi vya manyoya meusi huacha madoa kwenye ngozi baada ya kunyonyoa, na mteja wa dukani hakuyapenda. Kwetu bata mzinga wengi huuzwa hai, mnunuzi akamchinja mwenyewe, kwa hiyo faida hiyo ni ndogo. Naumia nikisikia mfugaji amechinja dume wa shaba mwenye nguvu, mwenye kupanda vizuri, ili abaki na mweupe kwa kuwa anaonekana wa kizungu. Uzito na rangi zinaongozwa na jeni tofauti. Unaweza kuchagua ndege wazito wa rangi yoyote unayoitaka.

Jogoo anaweza kumpanda bata mzinga akazaa chotara?

Kwa mfugaji, hapana. Kuku ana kromosomu 78 na bata mzinga 80. Watafiti waliwahi kupata chotara wachache kwa kutia mbegu kwa mkono, na viini vingi vilikufa ndani ya yai.

Nina nafasi ya kundi moja tu. Nianze na mchanganyiko gani?

Dume mmoja wa Narragansett na majike kama wanane wa kienyeji wa shaba, waliokaguliwa mabawa ili uhakikishe hawana weusi. Mwaka wa kwanza utapata mabinti wa fedha na vijana wa shaba, na utawatofautisha kwa macho bila kumkamata hata mmoja. Kifaranga yeyote wa kike mwenye rangi ya shaba katika kundi hilo baba yake si dume wako, na kijana yeyote wa fedha anakuambia kwamba mama yake naye ni Narragansett, si wa shaba kama ulivyodhani. Vijana wa shaba uwauze Krismasi au ubadilishane na mfugaji wa mbali, wa Busia kama wewe uko Arua, ili usiwarudishie dada zao. Mabinti ubaki nao, na mwaka wa pili utafute dume mwingine wa Narragansett asiye ndugu wa yule wa kwanza.